Kiranja si askari wa mwalimu

Januari 2023, Gredi ya 7 ya kwanza ilipoingia Sekondari Msingi hapa Kenya, yaani Gredi ya 7 hadi 9 zilizowekwa ndani ya shule za msingi, nilikuwa miongoni mwa walimu waliowapokea katika ua wa shule ya msingi. Kiranja mkuu alikuwa wa darasa la nane, kundi la mwisho kufanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Wanafunzi wetu tayari walikuwa wa sekondari, lakini kwenye gwaride walipangwa na wenzao wa msingi. Vuta nikuvute ikaanza mapema.

Kubwa zaidi ilikuwa kengele. Kipindi chetu ni dakika 40, chao dakika 35. Kengele ililia mwalimu wetu akiwa katikati ya hesabu, darasa zima likageukia dirishani. Ofisini tulilizungumza hadi tukachoka. Ndipo tukawaachia wanafunzi. Kila mkondo ukachagua msichana na mvulana, wakaketi na viranja wa msingi, walimu wawili wakiwa nao. Wakaja na pendekezo ambalo sisi hatukuwa nalo: kengele ibaki ya msingi, kwetu awepo mtunza saa wa zamu anayepita madarasani, na mapumziko yapishane kwa sababu mfereji wa maji ni mmoja. Mwalimu mkuu alikubali yote isipokuwa muda wa chakula cha mchana, na akaeleza sababu mbele yao: mpishi ni yuleyule.

Mwalimu mwenzangu, maelezo yale ndiyo yaliyowajengea imani kuliko hata kura waliyopiga. Mtoto wa miaka 13 anaweza kupokea "hapana" yenye sababu. Kinachomvunja moyo ni kutoa hoja kisha kimya. Kwa hiyo wekeni daftari: hoja, tarehe, jibu, aliyejibu. Na kabla ya kikao, walimu wakubaliane ni mambo gani hayamo mikononi mwa wanafunzi, kama karo na mitihani, kisha wawaambie waziwazi.

Jambo lingine ninalolisisitiza kwa walimu wa zamu: acheni kumtuma kiranja aandike majina ya wapiga kelele. Orodha ile humtenga na darasa lake, na anayechukiwa na wenzake hawezi kuwasemea. Heri aulizwe kwa nini kelele huzidi kipindi fulani. Mara nyingi jibu linatuhusu sisi: mwalimu amechelewa, au vitabu havitoshi na watoto wanne wanagombania kimoja.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi kiti katika bodi ya usimamizi. Ulizeni kama wenu huitwa. Akiitwa, mpeni ajenda mapema, akae na wenzake kwanza, na mwalimu mmoja amsaidie kupanga maneno yake bila kuyabadilisha.