"Agree" au "accept" kwenye barua ya biashara

Ndugu yangu wa Tukuyu, umeuliza uandike "agree" au "accept" unapomjibu mnunuzi wa parachichi. Ukiandika "I agree that your price is fair", umesema tu kwamba bei unaiona ni ya haki. Lakini "I accept your offer" ni kulikubali pendekezo lenyewe, na kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kukubali kusiko na masharti ndiko kunakoligeuza pendekezo kuwa ahadi. Kwa hiyo, ikiwa hamjaafikiana nani atalipia usafiri hadi Mbeya mjini, tafadhali usiiandike "accept", wala "agree to", ambayo hukufunga kwa ahadi vilevile. "Approve", yaani kuidhinisha, waachie wenye mamlaka, kama bodi ya ushirika wenu. "Consent" ni ridhaa, kama ile ya mwenzi wako nyumba ya ndoa inapowekwa rehani.