Vyombo vikishatoka nje

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama umlipie jirani yako hapo Mbagala kodi ya miezi miwili anayodaiwa, au kumlipia ni kumzoesha. Nilipomaliza kusoma, kilichonijia ni lile kabati la bibi yako.

Ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki. Mwaka 1998, baba yako kapunguzwa kazini, tunadaiwa miezi mitatu pale Manzese, na mvua za El Niño bado zinapiga. Natoka sokoni nakuta vyombo vyetu uani: godoro limelowa, kabati mlango mmoja umeng'oka, nawe umekalia ndoo umekumbatia sufuria. Jioni mama wa vitumbua akaja analia. "Mwenzangu, upatu nimeupokea Jumatatu. Kwa nini hukusema?" Jumatatu! Sisi tulitolewa Alhamisi. Niliona aibu, nikanyamaza, na aibu hiyo ndiyo iliyotulaza kibarazani kwa mjomba wako miezi mitano.

Ndiyo maana kila siku nawaambia: vyombo vikishatoka nje, msaada umechelewa. Piga hesabu. Leo anadaiwa miezi miwili. Akitolewa, chumba kipya atadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka yake ya mwezi mmoja. Saba hiyo, bado kirikuu cha kuhamishia, bado watoto kubadilishwa shule.

Lakini mwenye nyumba naye ana watoto. Yule wetu alikuwa mjane, kodi yetu ndiyo ilikuwa unga wake. Nilimchukia miaka mingi, siku hizi sijui kama nilimtendea haki. Hapana, kututoa kwenye mvua ile hakukuwa haki. Ila angekula nini? Basi nendeni mkamwone wa kwenu, na mjumbe awepo, aombwe apokee kidogo kidogo. Ukitoa hela, mkabidhi mwenye nyumba mkononi, na risiti iandikwe jina la mpangaji.

Kumzoesha, labda utamzoesha kweli. Mshahara wako naujua, na ada ya mdogo wako bado haijalipwa. Sitaki kukuamulia, baba yako kanikataza. Ila uliposema ameshauza pasi na sasa anatafuta mteja wa kitanda cha watoto, vyombo hivyo naviona vimeanza kutoka, kimoja kimoja.

Mwenye nyumba kampa mpaka lini? Hilo hukuniandikia.

Mama yako