Kabla ya kumwita mpiga udi shuleni

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama shule za Mombasa ziwaalike wapigaji wa taarab ya kale waje na ala zao, au video zatosha. Hazitoshi. Watoto wa gredi ya nne hawakuwa wamezaliwa mwimbaji Juma Bhalo alipofariki mwaka 2014, na mpiga udi Zein l'Abdin naye alitutoka 2016. Udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, wanaoujua wengi wao umepitia spika ya simu, isiyoweza kutoa sauti za chini. Nyuzi nene hupotea humo, kikabaki kilio chembamba cha zile za juu. Kwa hiyo wapigaji waalikwe. Ila la kuuliza kwanza, naona mimi, ni watoto wangapi, chumba gani, na nani ataruhusiwa kushika ala.

Udi ni ala ya baraza na sebule. Bila kipaza sauti unawatosha watoto 40 waliokaa mkekani nusu duara, feni zimezimwa. Ukizidisha hapo utaleta spika, na mtoto wa nyuma atasikiliza spika ile ile aliyoizoea.

Chukueni mfano wa shule moja ya ng'ambo ya Likoni, msimu wa kaskazi. Waliitwa wanafunzi wote, mamia, wakajazwa ukumbini. Udi ulisafiri ndani ya buti ya gari, nyuzi zimekazwa tayari kwa kupigwa, na foleni ya feri siku hiyo haikuwa ya mchezo. Sasa, udi wa kawaida una nyuzi 11: kumi zinakwenda mbili mbili, ya kumi na moja, nene kuliko zote, iko peke yake. Zote zinavuta kipande kimoja cha mbao kilichogandishwa usoni kwa gundi, hakina msumari wala parafujo. Mafundi wengi hutumia gundi ya ngozi, kwa kuwa hubanduka bila kuharibu mbao udi ukihitaji kutengenezwa. Lakini gundi hiyo hulainika kwa joto, na buti ya gari lililoegeshwa juani ni tanuri.

Pale ukumbini nyuzi zilikuwa zimeshuka, mpigaji akazikaza upya. Akaanza taksimu, yaani kupiga peke yake kwa kubuni papo hapo, katika Rasti, mojawapo ya mahadhi ya Kiarabu, na alichagua vyema, kwani noti ya tatu ya Rasti inakaa katikati ya vibonye viwili vya kinanda cha shule. Kinanda hakiwezi kuitoa. Hakufika mbali. Kile kipande kilibanduka kwa mlio mmoja mkavu, nyuzi zote zikalegea mapajani mwake.

Mwalimu alishika maikrofoni akawaomba watoto wampigie mzee makofi, watoke. Mzee akasema, "Waache, mwalimu. Nyinyi wa mbele, njooni wanangu." Wakamzunguka. Akaugeuza udi, akawaonyesha mgongo uliotengenezwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopindwa kwa moto, kila kimoja ubavuni mwa mwenzake. Akawapa tochi ya simu wachungulie kwenye shamsa, lile tundu lililonakshiwa, waone vijiti vilivyopita kwa ndani kushikilia uso. Kile kipande kikapita mkono kwa mkono, upande wa chini ukingali na gundi iliyong'aa kama asali. Msichana mmoja akauliza mbona ule uzi mmoja hauna mwenzake. Mwingine alitaka kujua gundi inatoka wapi. Alipoambiwa ni ngozi iliyochemshwa, alikinusa kipande kile kabla ya kumpa jirani yake. Kengele ya mapumziko ikalia, hawakuondoka. Waliokaa nyuma hawakuona chochote, wakapiga kelele, na sikuwalaumu.

Ajali ile ilizuilika. Kabla ya safari, kila uzi ulegezwe kwa sauti moja nzima, na udi ukae ndani ya gari pamoja na watu. Nyuzi mpya zitiwe siku mbili tatu mapema, maana hunyooka na kushuka mpaka zizoee. Unyevu wa pwani hufanya vigingi vya kukazia nyuzi vigande. Vikigoma vipakwe sabuni kavu, vikiteleza vipakwe chaki, nayo haikosekani shuleni. Kipindi ni dakika 35, kwa hiyo ala ziwekwe sawa katika chumba kingine. Mwenye kanuni, ile ala ya nyuzi inayopigwa imelazwa, afike saa nzima kabla, kwani ana nyuzi zipatazo 78, tatu tatu kwa kila noti, na daraja lake limekaa juu ya ngozi inayolegea hewa ikiwa na maji. Na watoto wanawe mikono. Uso wa udi kwa kawaida haupakwi vanishi, na rangi ya mabuyu ikiingia kwenye mbao ile haitoki tena. Wazazi nao waarifiwe mapema. Wako wasiopenda ala, na wana haki ya kuulizwa.

Nilianza nikisema waalikwe, bado nasema hivyo. Lakini nikiuwaza ule udi uliobanduka, waliofaidika ni wale wachache waliouzunguka, tena ulikuwa hautoi hata sauti. Basi ala kongwe zenyewe nazitoa kwenye mwaliko. Gambusi la zamani, jamaa ya udi, lililochongwa kwa gogo moja na kuwambwa ngozi halina kazi kwenye foleni ya feri. Watoto ndio walifuate, darasa moja moja, nyumbani kwa mwenyewe au kwa fundi, kama ambavyo hakuna anayetarajia siwa za Lamu na Pate, zile baragumu kongwe za heshima, zizungushwe mashuleni. Mpigaji aje na udi wake wa kazi, na ikiwezekana na wa pili ulio mbovu, wa kufunguliwa na kushikwashikwa.

Nzumari, dufu na taishokoto (ala ya nyuzi yenye vibonye) siziwekei sharti hilo, zinastahimili safari. Taishokoto ilibuniwa Japani, Mombasa tukaitia kwenye taarab yetu, na vibonye vyake mtoto huvielewa papo hapo. Dufu wengi wanalijua kwa maulidi; likilegea, dakika chache juani zinatosha, hakuna haja ya kuwasha jiko shuleni. Na mwalimu mkuu akishikilia kwamba lazima iwe shule nzima ukumbini, mpigaji auache udi nyumbani siku hiyo, aje na madufu.