Chombo cha kupandia mboga: pima lita kwanza, urembo baadaye

Ubora wa chombo cha kupandia huonekana saa nane mchana, jua likiwa limewaka tangu asubuhi. Mche uliopewa udongo wa kutosha bado umesimama. Ule uliobanwa kwenye kikopo umelegea majani, hata kama ulimwagiliwa alfajiri. Ardhini, mzizi ukikosa maji hapa huyafuata kule. Ndani ya chombo hauna pa kwenda, kwa hiyo maji ya siku nzima lazima yawemo kwenye udongo ule ule. Ndiyo maana swali la kwanza, uwe unanunua chungu kipya au unageuza ndoo kuukuu, ni lita ngapi za udongo zitaingia na kina ni sentimita ngapi.

Vyombo vingi hutajwa kwa upana wa mdomo peke yake, na kipimo hicho hudanganya. Pima mwenyewe: chukua nusu ya kipenyo, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa kina, kisha gawanya kwa 1,000. Ukiwa umepima kwa sentimita, jibu ni lita. Chombo cha sentimita 30 kwa 30 huchukua takriban lita 21. Cha sentimita 20 kwa 20 huchukua lita 6 na kidogo. Upana na kina vimepungua kwa theluthi moja tu, lakini udongo uliobaki haufiki hata theluthi. Kama chombo kinapungua upana kuelekea chini, kama ndoo nyingi zilivyo, tumia kipenyo cha katikati. Usihesabu sentimita 3 za juu, maana huachwa wazi ili maji yazame badala ya kufurika nje.

Sasa linganisha na mmea wenyewe. Saladi, figili ndogo na vitunguu vya majani vina mizizi ya juujuu: kina cha sentimita 15 kinawatosha, na beseni pana litakupa mavuno mengi kuliko ndoo nyembamba yenye ujazo ule ule. Mchicha na spinachi vya kuchuma mara kwa mara vipe sentimita 20 hadi 25. Karoti ndefu zinahitaji 30, tena za udongo mwepesi usio na kokoto. Zikigonga kitako cha chombo hujikunja au kugawanyika pacha. Pilipili hoho inataka lita 10 hadi 15 kwa kila mche, biringanya lita 15 hadi 20. Bamia hushusha mzizi mkuu wima, hivyo ichagulie chombo kirefu, sentimita 30 au zaidi, na upande mbegu humo humo.

Nyanya ndiyo inayoonewa kuliko zote. Aina fupi za kichaka huzaa vizuri kwenye lita 10 hadi 12, lakini nyanya ndefu inayofungwa kwenye mti inahitaji lita 20 kwa mche mmoja, na usishawishike kuongeza wa pili. Ikiwekwa kwenye chombo kidogo, udongo hukauka kabisa mchana na kuloana chapachapa jioni. Kalsiamu hufika kwenye tunda ikichukuliwa na maji, kwa hiyo mtiririko ukikatika mara kwa mara, sehemu ya chini ya nyanya huwa nyeusi na kuoza. Wengi hukimbilia dawa au mbolea, ilhali tatizo mara nyingi ni ndoo ndogo na umwagiliaji usio na mpangilio.

Mimea ya viungo haifanani, hata kama hukaa pamoja jikoni. Rehani hupenda unyevu na huridhika na lita 3 hadi 5. Rozimari na thaimu hutaka udongo ukauke kiasi kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine; ukizichanganya na rehani chombo kimoja, upande mmoja lazima uumie. Mnanaa upande peke yake, katika chombo kipana, kwa sababu vikonyo vyake hutambaa chini ya udongo na kuwasonga majirani wote. Dania haipendi kuhamishwa: sia mbegu kwenye chombo cha kudumu chenye kina cha sentimita 20, la sivyo itakimbilia kutoa maua kabla hujachuma majani ya maana.

Pamoja na hayo, mche mchanga sana usiutupe katikati ya chombo kikubwa mno. Mizizi yake michache hainywi maji yote, na udongo unaobaki umeloa kwa siku nyingi huozesha. Uanzishie kikopo cha sentimita 8 hadi 10, uhamishe mizizi inapoanza kuzunguka ukutani. Kwa sababu hiyo epuka mitungi iliyobana mdomo. Huwezi kutoa mmea bila kuukata mizizi au kuvunja chombo.

Baada ya ujazo, angalia kitako. Ndoo ya lita 20 inahitaji mashimo 6 hadi 8 yenye upana wa sentimita 1 hivi. Tumia keekee, au msumari uliopashwa moto ukiwa mahali penye hewa. Toboa pia mawili au matatu ubavuni, sentimita 2 kutoka chini, kwa sababu kitako kikikaa bapa sakafuni mashimo ya chini huziba. Inua chombo juu ya vipande vitatu vya tofali. Funika mashimo kwa kipande cha wavu ili udongo usitoke, na hapo umemaliza.

Usiweke tabaka la kokoto chini. Ushauri huo umezoeleka sana, lakini unafanya kinyume cha kinachokusudiwa. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe yenye nafasi kubwa. Hukwama juu ya mpaka huo hadi udongo ujae maji kabisa. Kokoto za sentimita 5 hulisogeza tope sentimita 5 karibu zaidi na mizizi. Hali hiyo ya kukwama hutokea juu ya kitako chochote, ndiyo sababu chombo kifupi hubaki na unyevu mwingi kuliko kirefu chenye udongo ule ule. Dawa yake ni mchanganyiko unaopitisha maji: mboji iliyoiva, nyuzi za makumbi ya nazi na mchanga mkubwa au vumbi la mawe. Udongo wa shambani peke yake hushikamana ndani ya chombo na kuwa mgumu.

Kuhusu kilichotumika kutengenezea chombo: chungu cha udongo kisichopakwa rangi hupumua kupitia kuta zake, mizizi hupoa, na rozimari na thaimu hukipenda. Lakini hukauka haraka, na kikiwa kipya hufyonza maji ya mmea, hivyo kiloweke saa moja kabla ya kupanda. Plastiki hutunza unyevu na ni nyepesi. Nyeusi huchemka juani, kwa hiyo kwenye jua kali chagua rangi hafifu au kikinge upande unaopigwa na jua la mchana. Bati huwaka zaidi. Mifuko ya kitambaa ni mizuri sana kwa mizizi, maana ncha ikifika ukingoni hukutana na hewa, husimama, na mzizi huchipua matawi badala ya kujisokota. Gharama yake ni maji: wakati wa joto huenda ukamwagilia mara mbili kwa siku. Magunia ya plastiki hufaa kwa muda, ila jua huyalegeza nyuzi mpaka yachanike, kwa hiyo usiyategemee kwa mmea wa miaka.

Katika usalama ningekuwa mkali. Ndoo iliyobeba dawa ya wadudu, rangi, mafuta ya gari au kemikali yoyote isipandwe chakula, hata ikioshwa mara ngapi. Tafuta ndoo zilizobeba vyakula. Alama ya pembetatu inayoonyesha aina ya plastiki ikiwa na namba 2 au 5 ni dalili nzuri, namba 3 na 6 ziache. Matairi yana zinki na mabaki ya mafuta mazito, yapandie maua. Mbao za kreti za mizigo zikague muhuri: HT maana yake zilitibiwa kwa joto na zinafaa, MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu na hazifai. Mbao kuukuu zenye rangi inayobanduka huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Chombo kilichowahi kupandwa mmea mgonjwa kioshe kwa sabuni, kisha kiloweke dakika 10 hadi 30 kwenye maji yenye klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, halafu suuza.

Kabla ya kujaza, amua kitakaa wapi. Lita 20 za mchanganyiko wenye mboji nyingi, ukishaloa, hukaribia kilo 20, na udongo mtupu hupita 30. Ndoo kumi za namna hiyo kwenye roshani ni mzigo wa watu kadhaa waliosimama bila kuondoka. Zipange karibu na ukuta wa nyumba, si ukingoni, na ujaze chombo kikiwa tayari mahali pake.