Kupanga tamasha huku kuna tetesi za ugonjwa: jibu la mtu wa tenti

Dadangu wa Kilifi, swali lako nimelisoma mara mbili. Mna tamasha la ngoma na vyakula mwezi wa Novemba. Agosti hii ya 2024 Shirika la Afya Duniani limetangaza Mpox kuwa dharura ya dunia, na kisa cha kwanza cha Kenya kimepatikana Taveta, si mbali na kwetu. Mwenye uwanja anataka nusu ya pesa, mwenye vyombo vya muziki anataka zake, na ofisini mnakoomba ruhusa wanawaambia "endeleeni kupanga lakini msitangaze sana". Unauliza ulipe au ungoje.

Nikutoe hofu kidogo kwanza. Mpox huambukizwa zaidi kwa kugusana na mgonjwa au vitu vyake, haisambai hewani kwa wepesi kama korona, na mpaka naandika hapa hakuna aliyetaja kufunga watu ndani. Lakini hiyo "endeleeni kupanga lakini msitangaze sana" ndiyo iliyonikalisha chini niandike. Naijua. Ilinila mwaka na nusu.

Mimi ni mtu wa tenti, Mombasa, mwaka wa 19 huu. Tenti, viti, majukwaa, na tangu 2015 jenereta moja na seti ya spika. Arusi ndizo zinazonilisha, matamasha ndiyo yaliyonisomeshea watoto.

Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020, siku serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona na kupiga marufuku mikusanyiko, vijana wangu walikuwa hapo hapo kwenu Kilifi. Walikuwa washasimamisha tenti nne za arusi ya Jumapili. Mzee wa arusi akanipigia: "Usiziteremshe. Hebu tuone wiki mbili hizi." Nikaona neno lake lina akili, maana kuteremsha na kupandisha tena ni gharama. Zikabaki zimesimama.

Wiki mbili zile zikaleta kafyu, tarehe 27, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili ikawa hakuna kutoka wala kuingia Mombasa, Kilifi na Kwale. Tenti zangu ziko ng'ambo ya daraja la Mtwapa, mimi niko huku. Ni kweli mizigo iliruhusiwa kupita, lakini tenti itajikunja yenyewe ipande lori? Inataka vijana sita, na vijana sita si mizigo.

Mvua za masika zikazikuta palepale. Yule mzee ni muungwana, alizifungua na wanawe wakazikunja, ila zilikuwa mbichi, na wakazitia ghalani hivyo hivyo. Nilizifikia Julai, Mombasa ilipofunguliwa. Kama hujapata kuona turubali lililokunjwa bichi miezi mitatu, shukuru Mungu. Ukungu mweusi huingia ndani ya uzi, na ukisugua unausambaza tu. Nilijaribu sabuni ya unga, nikajaribu jiki, mwisho nikajaribu ndimu na chumvi kama bibi yangu alivyokuwa akitoa madoa kwenye kanzu. Mbili nyeupe zikageuka rangi ya chai ya maziwa. Na ndani ya mapambo ya dari, kile kitambaa cha dhahabu ambacho nilikuwa sijamaliza hata kukilipia, panya alikuwa amezaa. Zile tenti mbili nazikodisha matangani tu, usiku, watu wasipotazama juu.

Sasa piga hesabu. Lau mzee angeniambia Ijumaa ile kwamba arusi hakuna, ningeteremsha Jumamosi, ningemrudishia sehemu ya arubuni yake, tungeachana tukipendana. Hasara yangu ingekuwa mafuta ya lori na posho ya vijana. Marufuku haikunitia hasara hata robo ya vile ilivyonitia "hebu tuone". Arusi yenyewe ikaahirishwa mara nne: baada ya Ramadhani, kisha baada ya Idi kubwa, kisha Desemba, kisha wiki ya kwanza ya Aprili 2021. Hiyo ya Aprili nayo tarehe 26 Machi Nairobi na kaunti nne nyingine zikafungwa, na upande wa bwana arusi wote uko Nairobi. Mwisho waliozana sebuleni, watu 12 na kadhi. Mimi nilipeleka mazulia mawili, bure.

Haya, hilo la kwanza. La pili ndilo ambalo watu wengi hawalifikirii, na naona hata wewe kwenye swali lako umetaja mambo mawili tu: tamasha lifanyike au lifutwe. Kuna la tatu, na ndilo gumu kuliko yote: lipunguzwe.

Kuanzia Julai 2020 arusi na mazishi viliruhusiwa watu 100, na mwisho wa Septemba wakaongezwa hadi 200. Mteja aliyeagiza shughuli ya watu 600 anakwambia, "Serikali imepiga marufuku, nirudishie pesa." Mimi namwambia serikali imeruhusu, njoo na watu wako 100. Nani mkweli? Sote. Karatasi tuliyotiliana sahihi ilikuwa na maneno ya "majanga" na "mambo yaliyo nje ya uwezo wetu". Haikusema neno lolote juu ya kupunguziwa watu. Niligombana na wateja watatu kwa sababu ya neno hilo moja, na mmoja wao ni jamaa yangu wa damu. Tunasalimiana Idi kwa Idi.

Na usidhani watu 100 wanataka tenti moja ya watu 100. Viti vikipangwa mita moja na nusu mbali mbali, tenti ile haichukui hata 40. Kwa hiyo mteja wa watu 100 alihitaji tenti tatu, na alitaka kulipa bei ya moja, maana "watu ni walewale 100". Nilishindwa kumlaumu. Mimi mwenyewe sikuijua hesabu hiyo mpaka nilipovuta futi kamba siku ile mchangani.

Arusi moja ya Oktoba mwaka ule nilisimama mlangoni na kalamu, kuhesabu vichwa, kazi niliyopewa kwa sababu sikuwa ukoo wowote. Ilianza saa nne asubuhi ili watu wawahi kurudi makwao. Mtu wa 201 akawa ni shangazi mkubwa wa bibi arusi, ameshikwa mkono na mjukuu, amevaa leso mpya iliyonyooka bado ina gundi ya dukani. Akaniuliza, "Mwanangu, na mimi nimezidi?" Nikatoka mimi, akaingia yeye. Nilikula biriani yangu nje, kwenye lori.

Sherehe za kalenda, kama Idi na Maulidi, ni mlango mwingine, sizichanganyi na zako. Idi ya Mei 2020 haikuahirishwa. Mwezi ukionekana umeonekana, watu waliswali majumbani na yakaisha. Maulidi nayo yana mwezi wake. Sherehe ya namna hiyo hupungua ikabaki mbegu, mwaka ujao ikamea. Tamasha kama lako ni la mpangaji, lina tarehe mliyoichagua nyinyi, na kwa hiyo kila mtu atakushauri uisogeze. Kusogeza kunaonekana ni bure. Si bure hata kidogo.

Tazama wakubwa walivyofanya. Wimbledon, ile ya tenisi Uingereza, ilifuta mashindano yake ya 2020 mapema, tarehe 1 Aprili, miezi mitatu kabla. Wengi walishangaa uamuzi ule mwepesi. Walikuwa na bima iliyotaja maradhi ya kuambukiza, wameilipia miaka na miaka. Aliye na bima anaweza kufuta mapema. Asiye nayo anasema tuone. Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa mwaka mzima, jina likabaki Tokyo 2020 hali tuko 2021, na bado ilipofika ikachezwa karibu yote bila watazamaji viwanjani. Na usikimbilie kuniuliza bima hiyo inauzwa wapi: baada ya 2020 kampuni nyingi za bima ziliyatoa maradhi ya kuambukiza kwenye mikataba ya matukio. Ukikuta inayoyafunika, isome mpaka herufi ndogo za chini.

Mtu ataniambia mbona Unguja walifanya tamasha lao la muziki. Kweli walifanya. Februari 2021, sisi huku tuna kafyu ya saa nne usiku, Sauti za Busara ilipigwa Ngome Kongwe siku mbili, tarehe 12 na 13. Fundi wangu wa spika aliangalia video kwenye simu mpaka chaji ikaisha, jasho likimtoka kwa wivu. Niliona wivu na mimi. Lakini siku nne baadaye, tarehe 17, Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akafariki, naye chama chake kilikuwa kimeshasema anaugua korona. Tanzania ilikuwa haitoi takwimu tangu mwisho wa Aprili 2020. Siwezi kusema waliopiga muziki walikosea, watu walikuwa na njaa ya kazi na ruhusa ilikuwepo. Nasema tu kwamba ruhusa ikiwepo bado wewe mwenye shughuli unalala macho wazi.

Ruhusa yenyewe nayo iwe na karatasi. Mwisho wa Desemba 2020 nilipeleka jukwaa na spika kwenye onyesho la ufukweni la kufunga mwaka, onyesho la mchana ili kukwepa kafyu. Mwandalizi, simtaji, alikuwa na kibali cha mdomo tangu Novemba, cha maandishi "kinakuja". Alikuwa amenipa asilimia 30. Saa nane mchana spika zimeshapanda, jukwaa limevikwa, wauza mihogo wamepanga jiko zao, akaja mtu mmoja taratibu, akatuambia hakuna onyesho. Hakufoka, hata soda alikunywa na sisi. Na lilikuwa bamvua, maji yanajaa kwa kasi, kwa hiyo hatukupata hata nafasi ya kubishana: tulibeba spika vichwani mbio, na mawimbi yakaichukua mbao moja ya ngazi ya jukwaa. Asilimia 70 yangu naidai hadi leo. Simu yake inaita tu.

Karatasi yangu ya sasa ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ninachozungumza mimi na mteja. Kitu kikubwa ndani yake ni siku ya kuamua. Kwa shughuli kubwa naiweka siku 21 kabla, kwa sababu ndiyo siku ambayo mimi huanza kutoa pesa zisizorudi: mapambo, lori, posho. Siku hiyo mteja ananiambia mojawapo ya matatu: ndiyo, la, au ndiyo kwa watu kadhaa. Akinyamaza, nahesabu ni la. Akifuta kabla ya hapo nabaki na asilimia 10 ya kumshikia tarehe. Baada ya hapo ni 40, lori likishatoka ni 70, tenti zikishasimama ni zote. Kuahirisha naruhusu mara moja, ndani ya mwaka, kwa bei ileile. Mara ya pili ni kufuta. Mwanzo watu walinuna. Siku hizi wananiletea wenyewe, hasa akina mama wa vyama, ambao wana hesabu kali kuliko wanaume.

Na lile neno nimeliandika waziwazi: "amri ya serikali ya kuzuia au kupunguza mikusanyiko". Kupunguza. Serikali ikiweka idadi, bei inafuata tenti zinazosimama, si vichwa vya watu. Ugonjwa nao nimeutaja kwa jina, maradhi ya kuambukiza, sikuuficha chini ya "majanga". Baada ya 2020 mtu akisema mbele ya hakimu kwamba hakutarajia ugonjwa, sijui atamtazama usoni vipi.

Sasa wewe. Mwenye uwanja usimpe nusu. Mpe ya kushika tarehe, na muulize siku gani yeye huanza kutumia pesa kwa ajili yenu. Kama hana jibu basi hana sababu ya kutaka nusu. Mwenye vyombo ana sababu zaidi, maana akikushikia wewe Novemba anakataa arusi, lakini naye mwandikiane hatua kwa hatua kama nilivyoeleza. Huko ofisini nendeni na barua, mwombe jibu la barua, hata likiwa la "bado". Mabango yachapisheni bila tarehe, mwache nafasi ya kubandika; mimi nina mabango 40 yaliyoandikwa Aprili 2020, nafunikia viti.

Umeuliza pia kama muwaambie wale wazee wa ngoma sasa hivi au mngoje mpaka kueleweke. Waambieni leo. Wao ndio hawana arubuni ya kushikilia, wanashona mavazi kwa pesa zao, na wataanza mazoezi wiki ijayo kama hamjawapigia simu. Mwambieni mkubwa wao siku yenu ya kuamua, mpeni nauli ya mazoezi mawili, na mavazi yangoje siku hiyo ipite.

Tenti za rangi ya chai ninazo mbili, kama mnataka za kuwekea jiko. Hizo sitawatoza.