Kung'oa Plastiki Chakavu ya Bodi ya Pikapu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba plastiki ngumu iliyotandazwa nyuma ya pikapu yangu ilikuwa ikiilinda bodi. Siku nilipoing'oa ili nitafute bolti iliyokuwa ikigonga, nilikuta chini yake udongo mbichi ulioshindiliwa kwenye kila mfereji wa bati, na kutu imefuata mifereji hiyohiyo hadi pembeni. Maji na mchanga hupenya kandokando, plastiki hutikisika gari linapotembea, na mchanga ule hufanya kazi ya msasa mpaka rangi inaisha na unyevu unakutana na chuma kitupu. Kwa sababu hiyo nashauri plastiki ya zamani itolewe hata kama juu inaonekana nzima.

Tafuta kwanza skrubu zote, pamoja na zile za mlango wa nyuma ambazo husahaulika kwa urahisi. Zilizoshika kutu zipulizie mafuta ya kulegeza nati, uziache usiku kucha. Mimi nilikosa subira, nikakata vichwa vitatu, na kuvitoboa vishina vyake kulinichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yote ya siku ile. Plastiki iliyopigwa na jua hukunjika vizuri zaidi kuliko iliyopoa, kwa hiyo subiri mchana, kisha mmoja avutie ukingo wa upande kwa ndani huku mwenzake akiinua na kuivuta kuelekea mlangoni.

Ikiwa bodi yako ilipuliziwa mpira badala ya kuwekewa plastiki ya kupachika, kazi ni nzito zaidi. Pasha moto kwa mashine ya hewa moto eneo dogo lenye ukubwa wa kiganja, mpaka mpira ulegee, kisha uukwangue kwa kisu kipana cha kukwangulia ukikilaza karibu na bati. Usiuchome kwa mwali wa moto hata kidogo, kwa maana moshi wa poliyurethani, plastiki ambayo mara nyingi ndiyo hutengeneza mpira huo, una gesi za sumu, ikiwemo sianidi ya haidrojeni, na chini ya bodi hupita mabomba ya mafuta na nyaya. Fanya kazi mahali penye hewa, ukiwa umevaa glavu, miwani na barakoa inayochuja mvuke na vumbi. Sehemu ambayo mpira bado umeng'ang'ania bati bila uvimbe wala ufa, mimi huiacha, kwa kuwa kutu haijapata njia ya kuingia hapo.

Baada ya kuosha, zibua matundu ya kutolea maji. Nilipochokoa tundu la pembe ya mbele kwa waya, yalitiririka maji ya rangi ya kahawia, ilhali mvua haikuwa imenyesha kwa siku kadhaa. Acha bodi ikauke kabisa, sugua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, paka praima ya epoksi (rangi ya kwanza inayoshika chuma) halafu rangi, na usisahau kingo za matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya skrubu. Yazibe kwa vizibo vya mpira.

Sasa natandika mkeka mzito wa mpira usiofungwa kwa skrubu. Kila ninapomaliza kubeba mchanga, nauinua, naegesha gari pua ikiwa juu, nafungua mlango wa nyuma na kumwaga maji mpaka yatoke meupe.