Kwetu aliyepotea ni mjomba

Mhariri, swali lenu la wiki, "Je, kaya ndogo za mjini zinaua udugu?", limenigusa pabaya. Lakini kwetu Wamakonde kaya haikuwa kubwa tangu zamani: mwanamke, mumewe na watoto, jirani na nyumba ya mama yake, na mume ndiye aliyehamia ukweni. Sensa ya 2022 iliposema wastani wa kaya nchini ni watu 4.3, hapa Mtwara hatukushtuka.

Aliyepungua mjini ni mjomba. Huyu hakulala kwetu, ila neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake lilikuwa lake: jando, unyago, posa, mahari. Karani wa sensa aliandika waliolala usiku wa kuamkia Agosti 23, akauliza mkuu wa kaya ni nani. Mjomba hana pa kuandikwa.

Binti yangu alipoletewa posa, kaka yangu alitoka Newala na basi la alfajiri, amevaa shati lake jeupe, amebeba jogoo na korosho zilizobanguliwa. Tunapanga chumba na sebule Chikongola, ikabidi nimtafutie gesti. Kaka yangu, gesti! Washenga walikuwa watu wa Mbeya. Wakauliza baba wa binti ni yupi, wakampa bahasha. Mume wangu ni Mngoni wa Songea. Kwao ndivyo ilivyo. Akaisoma, akaitia mfukoni. Kaka alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono magotini, bado anangoja apewe. Na ndiye aliyeuza korosho msimu wa 2017, kilo ilipopita shilingi 3,000, akamnunulia mtoto huyu godoro, tranka na sare za bweni. Wageni walipoondoka akasema, "Dada, ungeniambia tu nakuja kula pilau." Na pilau yenyewe hakuigusa.

Nimeshika kalamu nikitaka kusema mjomba arudishiwe kiti chake chote. Ila kadiri ninavyoandika namkumbuka wifi yangu. Korosho zile aliziokota yeye, na mwaka ule wanawe walilala kwenye mkeka. Tena mjomba wa zamani aliweza kumwoza binti bila mama kuulizwa. Bibi yangu aliozwa hivyo. Hayo siyataki.

Kwa hiyo kaya ndogo siilaumu. Baba aisome barua, maana kodi ya nyumba analipa yeye. Lakini mjomba akae mbele, na bahasha ipite kwanza mkononi mwake. Nasema hivi kwa sisi tulioolewa na watu wa bara; Wamakonde wenyewe kwa wenyewe wanajuana. Mahari bado haijaletwa. Ikija, nitadai fungu la kaka mbele ya washenga, na nitamkabidhi wifi mkononi.